Mjane Asiyetaka Chai

Mjane wa kwanza niliyemwandika alikuwa mtu wa chai. Nilimpa chumba cha bati pale Nyamugari, mtaa wa Waswahili mjini Gitega, nikampa miaka karibu hamsini, nikampa na mwanaume mpole wa kuja kumposa. Ilipofika zamu ya kueleza kwa nini anakubali kuolewa tena, nikaandika kwamba alichoka kunywa chai peke yake. Niliipenda sana sentensi ile. Ilikuwa na huruma, haikumwaibisha mtu, na ningeweza kuisoma mbele ya padri na mbele ya imamu, wote wawili wakaitikia kwa kichwa.

Wakati huo nilikuwa mwalimu shule ya Mushasha, mtaa mwingine wa mji ule, nimeolewa miaka michache tu. Jioni, nikimaliza kusahihisha madaftari ya watoto, niliandika hadithi ya nyumba moja yenye wanawake watatu: bibi, binti yake mjane, na mjukuu aliyesoma. Wenzangu shuleni walinitania. Walisema hadithi huandikwa kwa Kifaransa, sala husaliwa kwa Kirundi, na Kiswahili ni cha kuuzia ndagala, yaani dagaa, sokoni. Mimi nilizaliwa ndani ya hicho hicho cha ndagala, nikakilia, nikakichekea, na sikuona ni kwa nini wanawake wangu wafundishwe lugha nyingine kwanza ndipo waruhusiwe kuishi kwenye karatasi.

Jumapili alasiri, wenzangu wakiwa wametoka misa, nilikwenda Nyamugari kwa bibi, mama yake mama yangu, na kurasa zangu ndani ya kikapu. Wanawake wa uwanja wa nyumbani kwake walikaa kwenye mikeka wakipukuchua maharage, nami niliwasomea. Hawakuwa na subira na maneno matamu. Nikieleza mapambazuko kwa sentensi nyingi, mmoja aliuliza kama hao watu wa kitabuni hawana kazi asubuhi.

Uwanja wenyewe aliujenga babu, aliyekuwa seremala. Vyumba vilizunguka pande tatu, milango yote ikitazamana, na bafu moja la mabati kwenye kona, karibu na bustani ya mboga. Humo waliishi bibi na babu, wajomba na wake zao, wapangaji wawili watatu, na chumba cha pembeni tulikaa mama na mimi. Mama aliolewa mwaka ule wa uhuru. Bibi alipenda kusema kwamba bendera mpya na bibi harusi vilitolewa nje wiki moja, na kwamba watu walimpigia vigelegele nani hasa, yeye hakujua. Baba alikuwa fundi viatu. Kifua kilimwondoa ningali mdogo, na mama akarudi kwao na cherehani yake, mimi nikimfuata nyuma na mto wa kulalia kichwani.

Kwa hiyo nilikulia katika ule uwanja, nikilala chumba kimoja na mama, na kila alfajiri nilisikia jambo lile lile. Bibi aliamka kabla ya adhana, akawasha moto, akachemsha maji kwenye sufuria kubwa la harusini, kisha akapita na kuweka ndoo ya maji ya moto yenye kifuniko mbele ya kila mlango. Si birika la udhu, ndoo nzima ya kuogea mwili. Gitega ni baridi asubuhi, anayeijua anajua, nami niliamini kwamba bibi yangu alikuwa mtu wa huruma tu anayeogopa watu wasipate mafua. Nilinawa uso na miguu kwa maji ya ndoo yetu, nikaenda shule.

Nilikuja kuambiwa maana yake wiki ya harusi yangu. Bibi alikuwa somo wa mtaa mzima. Yeye ndiye aliyewafunda mabinti waliokuwa wanakwenda kwa waume, na ilipofika zamu yangu alifunga mlango, akakaa mbele yangu, akazungumza alasiri nzima juu ya mwili wangu na wa mume wangu kwa utulivu ule ule wa mtu anayekufundisha kupika pilau. Mimi nilikuwa nimepita bweni la masista, ambako tulioga tumevaa kamisi ili tusijione. Niliangalia dari mpaka shingo ikauma. Bibi alisema kwamba raha ya mume na mke ni sadaka, na kwamba Mungu aliyeiumba haoni haya kuiona. Halafu akanieleza juu ya maji.

Mtu na mkewe wakikutana usiku, alisema, hawaswali alfajiri mpaka waoge mwili mzima. Hilo kila Mwislamu analijua. Lakini katika uwanja wenye bafu moja la mabati, maji yakimwagika kabla ya adhana, watu kumi na wawili wanasikia. Asubuhi bibi harusi anachekwa, aliyegombana na mumewe anajulikana, na aliyezeeka anaambiwa kumbe bado. Ndiyo maana yeye alichemsha maji ya wote, kila siku, haja iwepo isiwepo. Ndoo zikiwa kila mlango, na kila mtu akioga, hakuna wa kuhesabu. Ya ndani yakabaki ndani.

Na mama alikuwa wapi siku ile ninafundwa? Alikuwa nje ya mlango, anashona. Hakuingia. Jioni alinikabidhi bahasha ya kitenge yenye vitambaa vidogo vya pamba laini, alivyovipinda kwa mkono, mshono mdogo mdogo usiokwaruza ngozi. Alisema nitavihitaji, akarudi kwenye cherehani. Sijapata kupewa zawadi yenye mapenzi kuliko ile, wala iliyonitia haya zaidi. Nilipoanza kuandika wanawake wangu watatu, nilidhani nawajua: bibi wa zamani lazima awe mkali na mwenye miiko, mjane awe mtulivu, mjukuu msomi awe ndiye mwenye kusema wazi. Niligawa aibu kwa umri kama mtu anayegawa sare za shule. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeangalia dari!

Basi Jumapili moja nikasoma sura ya mjane na chai yake. Wanawake waliipenda. Mmoja alijifuta jicho kwa ncha ya kitenge na kusema upweke ni mbaya. Bibi alikuwa anachambua mchele, akaniuliza tu huyo mwanaume wa kitabuni anafanya kazi gani, akarudi kwenye mchele. Nilipoaga, mama alijitanda mtandio akanisindikiza, mbali kuliko kawaida yake, mpaka tukaupita msikiti.

"Yule mjane wako si mtu," akasema.

Nikamuuliza ana kasoro gani.

"Chai mi nakunywa na watu. Mama iko, majirani iko, mpaka watoto ya watu wanakuja kunywa chai kwangu. Hakuna mwanamke anaolewa sababu ya chai."

Tulitembea kidogo. Kisha akanieleza, akiangalia njia, kwamba kuna mtu. Ni mchinjaji wa Gasorwe, si mbali na Muyinga, mjane kama yeye, mkewe alikufa zamani na watoto wake wamekwishaoa na kuhama. Walikutana Muyinga, kwa mjomba, mdogo wake mama, alikokwenda kushonea wapwa zake nguo za Idi. Mtu yule alileta nyama, akakaa, wakaongea. Safari iliyofuata wakaongea tena. Hakumzungusha.

"Aliniuliza kama bado nataka mwanaume," mama akasema. "Nikamwambia nataka."

Nilimpenda mno saa ile, na nilitamani ardhi inimeze, vyote kwa pamoja. Masikio yaliniwaka. Nilikuwa mke wa mtu, mwalimu, mwandishi mwenye kurasa kikapuni, na sikujua macho yangu niyaweke wapi. Mama akanishika mkono kama anavyonishika tangu utotoni, juu kidogo ya kiwiko, akaniomba nimsaidie kwa mjomba. Maana baba yao alikuwa amekwishafariki, na aliyekuwa na haki ya kumuozesha ni ndugu wa kiume pekee aliyebaki hai, naye ni mjomba wa Muyinga.

Mjomba hakukataa. Laiti angekataa, tungejua la kufanya. Alikuwa mtu mwema, muuza vitambaa sokoni Muyinga, na siku mama alipofiwa ndiye aliyebeba masufuria ya dada yake kichwani mpaka nyumbani, kijana wa watu, akilia njia nzima. Alimpenda dada yake, ugumu ulikuwa hapo. Alitaka sababu. Alileta ujumbe kwa wafanyabiashara waliokuwa wanakwenda na kurudi: je, dada ana shida ya pesa? Je, anaumwa? Je, kuna mtu amemkosea pale Nyamugari? Kila ujumbe mama aliujibu kwa neno moja, hapana, na kila hapana ilimtia mjomba wasiwasi zaidi.

Likizo ya Pasaka ilipofika tukapanda kamioneti, mama, bibi na mimi, tukapita Karuzi na vumbi lake, tukafika Muyinga Alhamisi tumekuwa wekundu mpaka kope. Bibi hakualikwa na mtu. Alisema anakwenda kuona wajukuu, akachukua mkeka wake wa kuswalia, akakaa mbele na dereva.

Mke wa mjomba alitupikia ndizi na nyama, na nyama ilijulikana imetoka kwa nani, ila hakuna aliyetaja. Baada ya kula mjomba alisafisha koo. Alisema amefikiri sana na amepata njia. Watu wataambiwa kwamba dada yake macho yanaanza kufifia, cherehani itamshinda, na huyo mzee wa Gasorwe amejitolea kumtunza kwa ajili ya Mungu. Hapo hakuna wa kucheka. Yeye anaswali safu moja na yule mchinjaji kila Ijumaa. Anauza vitambaa kwa wake za watu wote wa mji huu. Atawaambia nini, kwamba dada yake mwenye binti mwalimu anataka mume? Aliyasema hayo bila ubaya, jasho likimtoka. Nilimwonea huruma, maana sababu yake ya macho na sababu yangu ya chai zilishonwa na fundi mmoja.

Mama aliweka sahani chini.

"Macho yangu inatunga uzi mu sindano bila taa," akasema. "Kwa ile nyumba sitaingia kama mgonjwa. Kama ni hivyo, nabaki."

Mjomba akasema basi wangoje, labda baada ya mfungo, mambo yatulie. Sote tulijua kungoja huko kunaishia wapi. Mama alitoa vyombo, akaviosha yeye mwenyewe ingawa ni mgeni, akaja kulala. Tulipewa chumba cha nyuma, kinachofungukia uani, mama kitandani na mimi kwenye godoro chini. Bibi alilala chumba cha pili na wajukuu. Mama hakulia. Alisema tu kwamba kesho ni lazima aamke mapema akamwambie yule mtu asimngoje, maana si haki kumweka mtu njia panda. Niliona jinsi alivyokuwa amekunja nguo yake nzuri, ile ya kijani aliyoishona kwa safari hii, akairudisha chini kabisa ya mfuko.

Alfajiri niliamshwa na harufu ya moto. Bibi, mgeni katika jiko la mkwe wake, alikuwa ameamka kabla ya wote, amechemsha maji. Nilisikia miguu yake uani, mwendo ninaoujua tangu nina akili, na mlio wa ndoo ikiwekwa chini: moja kwenye mlango wa mjomba na mkewe, na nyingine kwetu. Nikatabasamu gizani. Mazoea, nikajisemea, mwanamke huyu atachemsha maji mpaka peponi.

Kisha mlango wa mjomba ukalia. Alitoka kwenda msikitini. Hatua zake zikafika kwetu, zikasimama.

"Mama," tukamsikia anasema, "hii maji ni ya nani?"

"Ya dada yako."

"Ya nini?"

Mjomba alikulia kwenye uwanja ule ule. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, alijua vizuri ndoo ya alfajiri ni ya nini, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuta kitu cha aibu kizingitini kwake. Mama aliinuka akakaa. Mimi nilibaki nimelala.

Bibi hakupandisha sauti. Alizungumza kama anavyozungumza na mabinti anaowafunda.

"Ile siku alirudi kwangu na mtoto, niliona kila mlango iko na ndoo, yake peke yake haina. Nikasema watu watapita hapa, watasema huyu amekwisha. Alikuwa kijana, kuliko hata mke yako leo. Nikamwekea. Tangu ile siku naweka. Alafu asubuhi narudi, naikuta imepoa, naibeba, namwagia lengalenga. Ile mboga yote ulikula kwangu ilikunywa maji ya dada yako. Mi nimechoka kumwaga, mwanangu. Nataka na mi siku moja nikute ile ndoo iko mutupu. Na wewe unataka tuseme ni macho."

Adhana ilianza. Hakuna aliyesogea uani. Kando yangu mama alikuwa amejifunika uso kwa mtandio na mabega yake yanatikisika, na sikujua kama alikuwa anajua siku zote, au kama alikuwa anajifunza saa ile, pamoja na mimi, kwamba kuna mtu aliyemhesabu kila asubuhi miongoni mwa walio hai. Nilipanda kitandani nikamkumbatia kwa nyuma. Miaka yote nilikuwa nimenawa miguu kwa maji yale. Hata siku moja sikujiuliza mjane anawekewa ya nini.

Mjomba aliondoka kwenda msikitini. Hakurudi kunywa chai. Mkewe alituletea maandazi na macho ya kuuliza, bibi akakaa juani na wajukuu akiwasuka nywele, na mama, badala ya kwenda kumwambia yule mtu asimngoje, alikaa kwenye ngazi akashona kifungo kilichokuwa hakijalegea. Ilikuwa Ijumaa. Mchana tukasikia msikiti umetoka, watu wanapita barabarani wakiongea. Mjomba akaingia na kanzu yake nyeupe, na nyuma yake, akiinama kwa sababu mlango ulikuwa mfupi, akaingia mwanaume mrefu mwenye mikono mikubwa, kofia ameishika mkononi.

Mjomba alimwambia mama, "Dada, nimemwambia ndiyo." Hakuongeza. Hakutoa sababu kwetu, na baadaye tuliambiwa hakutoa sababu msikitini pia. Alisema tu pale mlangoni, mbele ya watu, kwamba anamuozesha dada yake, na watu wakamwambia Mungu abariki, wakaenda kula. Kumbe mji mzima alioutetemekea ulikuwa na njaa zake. Mama alijibu asante kwa sauti ndogo, akaingia chumbani, na alipotoka alikuwa amevaa ile ya kijani. Haikuwa imenyooka. Hakuna aliyejali.

Walioana wiki chache baadaye, hapo hapo Muyinga, na mama akahamia Gasorwe na cherehani yake.

Mimi nikarudi Mushasha kwenye kurasa zangu. Nilifuta chai. Nilijaribu kuweka kitu kingine mahali pake, nikajaribu baridi ya usiku, nikajaribu ndoto, nikajaribu mkono wa mwanaume begani, na kila nilichoweka kilinuka uongo ule ule. Niligundua kwamba nilikuwa nafanya kazi ya mjomba: natafuta cha kuwaambia watu. Mwishowe nikaandika kwamba aliulizwa, akasema anataka, nikaendelea na siku iliyofuata, ya kufua. Bibi wa kitabuni nilimvua ukali wote niliokuwa nimemvisha, na mjukuu msomi, ambaye nilimpa hotuba ndefu ndefu za ujasiri, nikamnyang'anya hotuba nikamwacha anaangalia dari. Hapo ndipo wote watatu walipoanza kupumua. Tangu siku ile, nikiandika nyumba yoyote, sianzi na umri wa mtu. Naanza na anachokifanya wenzake wasijue, kama kuchemsha maji au kupinda kitambaa.

Niliposoma sura ile upya pale uwanjani, mwanamke mmoja akasema huyo mjane hana haya, na wa pili akasema hana haya lakini namjua. Mwenzangu mmoja wa shule, mwalimu wa Kifaransa, aliisoma akaniambia mama zetu hawakuwa hivyo. Alisema hayo ni mambo yetu sisi tuliosoma, tunawabandika wazee. Hakuwa mjinga. Alimheshimu mama yake, akadhani heshima ni kumtoa mtu mwilini mwake. Ile habari ya ndoo sikuiweka kitabuni. Haikuwa yangu bado. Leo bibi na mama wote wametangulia mbele ya haki, na mama mwenyewe ndiye aliyeniambia, katika miaka yake ya mwisho, kwamba nikitaka niieleze, ila nieleze vizuri.

Likizo iliyofuata baada ya ndoa nilikwenda kuwatembelea. Sikutuma ujumbe; nilitaka kumshtua mama. Kamioneti ilinishusha barabarani, nikapanda kwa miguu kati ya migomba na kahawa, nikiwaamkia watu waliokuwa wanateremka na mizigo yao. Ilikuwa siku ya soko, na bucha ya bwana wa mama ilikwishafungwa, nyama imeisha mapema. Nikaenda nyumbani. Ni nyumba ya matofali, imepakwa chokaa, yenye ua wa miti ya miyenzi, na cherehani ya mama iliwekwa barazani penye mwanga, kitambaa kikiwa kimeachwa chini ya sindano katikati ya mshono. Mlango ulikuwa umefungwa. Kizingitini palikuwa na jozi mbili za kandambili, kubwa na ndogo, zimekaa ubavu kwa ubavu. Jua lilikuwa limepanda, saa za watu kuwa kazini.

Nilikuwa nimekwishafungua mdomo kupiga hodi. Nikaufunga. Nikarudi nyuma polepole, kwa ncha za vidole, mtu mzima mimi na kikapu changu, mpaka nikatoka nje ya ua, nikateremka sokoni. Nilizunguka muda mrefu. Nilinunua nyanya, nikanunua maparachichi, nikanunua chumvi ambayo hakuna aliyeniagiza, nikabishana bei ya vitunguu mpaka muuzaji akanihurumia. Haya ya zamani ilinijia, nikaingoja inichome, na haikunichoma sana. Niliona furaha. Nilisimama katikati ya soko la Gasorwe nimeshika vitunguu, na nilikuwa na furaha kama mtoto aliyesikia habari njema ambayo hatakiwi kuisema.

Niliporudi nilianza kuongea tangu mbali, nikimwamkia jirani kwa sauti ya mwalimu anayetuliza darasa. Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa barazani kwenye cherehani yake, mtandio amejitanda vizuri mno. Alinikumbatia akaniuliza nimefika saa ngapi. Nikasema sasa hivi tu, moja kwa moja kutoka kwenye kamioneti. Bwana wake akatoka, akanisalimia macho yakiwa chini, akakimbilia ndani kunitafutia kiti, ingawa nilikuwa nimekwishakalia kimoja.

Mama alikiangalia kikapu changu. Akatoa nyanya, akatoa maparachichi, akatoa vitunguu, akaipanga chumvi kando yake, yote mali ya soko la pale pale Gasorwe. Akaniangalia usoni, nami nikamwangalia. Halafu mama akacheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, mpaka akashika meza ya cherehani asianguke. Nililala naye chumba kimoja utoto wangu wote, na kicheko kile sikuwahi kukisikia.